Siku Tulipogawa Watoto Redioni

Mtu akistaafu akiwa na miaka thelathini na miwili lazima achekwe, kwa hiyo chekeni kwanza, nitawangoja. Sikio langu la kulia limechoka. Daktari ameniambia niachane na kuvaa hedifoni kutwa nzima, na mimi huwa mtiifu kwa madaktari, hasa wale wanaonitisha. Narudi kwetu Kihesa, Iringa, kuotesha miche ya parachichi. Kichwani mwangu mashamba yote kutoka Iringa mpaka Tukuyu yameshajaa miti yangu. Uani kwa mama kuna viriba arobaini, vile vifuko vya miche, na kuku ameshachakura sita.

Dada Atu ndiye aliyeniambia niwaandikie ninyi mnaobaki studio. "Andika kazi," alisema, "vyeo achana navyo." Kuviacha ni rahisi kwa sababu sikuwahi kupata hata kimoja. Kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa mtu wa milio. Mvua, mlango, pikipiki inayokataa kuwaka, jogoo, mtoto: vyote mlivyosikia kwenye mchezo wetu wa Pomoni ni mimi na sanduku langu la takataka.

Siku ya kwanza sikuja kutafuta kazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimeishia kidato cha pili, nakaa kwa shangazi hapa Mbeya namsaidia kuuza sabuni. Shangazi akanituma redioni kupeleka tangazo la kikao cha harusi. Benchi letu la mapokezi mnalijua, lile linaloshika nguo kwa misumari. Nimekaa pale na karatasi yangu, nasikia ndani ya studio kuna mvutano. Walikuwa wanahitaji kilio cha mtoto mchanga, na wameazima mtoto wa mama muuza maandazi wa pale chini. Sasa yule mtoto alikuwa na furaha ya ajabu. Wakimkunjia uso anacheka. Mzee Mwakalinga, msomaji wetu wa matangazo, akanguruma kama simba, mtoto akapiga makofi.

"Huyu hana shida yoyote duniani," nikasikia mwanamke anasema. "Mrudisheni kwa mama yake kabla hatujamharibu."

Mimi kwetu ni wa pili kati ya saba, na watano walionifuata nimewabeba mgongoni. Vilio navijua kama wengine wanavyojua sala. Kuna cha njaa, cha usingizi, cha wivu, na kile cha mtoto aliyeanguka akaangalia kwanza kama kuna mtu amemwona. Nikalia pale pale kwenye benchi, cha njaa, cha mtoto wa wiki tatu. Mlango ukafunguka, kikatoka kichwa chenye kitambaa cha bluu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Hakuna mtoto, dada. Nimeleta tangazo la harusi."

"Lia tena."

Nikalia tena. Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili. "Ugonile," akanisalimia kwa Kinyakyusa. Nikamjibu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene." Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Tangazo la harusi lilisomwa siku mbili baada ya kikao kufanyika, na shangazi alininunia mpaka Pasaka.

Yule mwenye kitambaa cha bluu alikuwa Dada Atu, jina lake zima Atupakisye. Kabla ya redio alikuwa mshona nguo, na mpaka leo anaandika mchezo kama anayekata kitambaa: anapima watu kwanza. Alikuwa amechoka kusikia kila mtu anasema watu wamezidi. Kwenye kikao cha mtaa, watu wamezidi. Kisimani, watu wamezidi. Kule Usangu wakulima wanasema wafugaji wamezidi, wafugaji wanasema mashamba yamezidi, na kila anayesema hivyo ana watoto wanane na anangoja wa tisa. Dada Atu akaanza kuandika kijiji kinachoitwa Pomoni, kilichojaa mpaka mtu akitaka kugeuka anaomba ruhusa kwa jirani. Kila Jumamosi saa kumi alasiri, Mwenyekiti Katosha anawaletea wananchi suluhisho jipya la kupunguza watu. Katosha alikuwa Mzee Mwakalinga, kwa sauti ile ile anayosomea vifo na vikao, ila kwa Katosha anajaza tumbo hewa kidogo.

Nimeshasikia watu wenye tai wakiongea juu ya wingi wa watu redioni kwetu, wasomi wazuri tu, na niliwawekea vikombe vya chai. Lakini hakuna aliyenifanya nifikiri kama yule mshona nguo. Ngoja niwape machache, maana ninyi wengine mlikuwa bado mnasoma shule ya msingi.

Kulikuwa na suluhisho la zamu. Nusu ya kijiji wanaishi mchana, nusu usiku, kitanda kimoja kinatumiwa na watu wawili bila kuonana, godoro halipoi. Bwana mmoja akapangiwa mchana na mke wake usiku. Wakawa wanakutana mlangoni tu, jua linapozama, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Baada ya mwaka wakahesabu watoto wa kijiji: wameongezeka. Katosha akauliza imewezekanaje. Mke wa yule bwana akajibu, "Mwenyekiti, mlango wetu ni mpana."

Kulikuwa na suluhisho la kufupisha watu. Mtaalamu anakuja na dawa, ukinywa unakuwa mdogo kama kuku, sahani moja ya wali inashibisha ukoo mzima. Watu wakakubali. Tatizo likawa kuku wenyewe, ambao hawakunywa dawa. Na viongozi wakakataa kunywa kwa maelezo kwamba kiongozi ni lazima aonekane. Kwa hiyo Pomoni ikawa na raia wadogo kabisa na wajumbe watano wakubwa ambao wanakula chakula chote. Kwenye kipindi hicho nilidondosha punje za mchele juu ya kipande cha bati, moja moja, mbele kabisa ya kipaza sauti, mpaka punje ikasikika kama jiwe linaloangukia nyumba. Ile nilijipongeza mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyenipongeza.

Kulikuwa na kibali cha kuzaa, ambapo fomu inahitaji muhuri, na muhuri umepotea miaka saba, na watoto wanaozaliwa wanaandikwa kama "maombi yanayoshughulikiwa". Kuna mtu akaoa akiwa bado maombi. Kulikuwa na wazee kuhamishiwa mwezini. Wakafika, wakapapenda kwa ukimya, wakaandika barua moja tu: wajukuu waje, wakwe wasije.

Niliwahi kumuuliza Dada Atu anayatoa wapi. Alikuwa anakunja karatasi zake.

"Upe," akaniambia, maana mimi ni Upendo, "mimi situngi kitu. Namsikiliza mtu anavyosema watu wamezidi, halafu namfuata mpaka mwisho. Ukimfuata mtu mpaka mwisho utakuta suluhisho lake linaanza na jirani. Sasa mimi nalirudisha kwake."

Ndiyo maana kila kipindi kinaishia nyumbani kwa Katosha. Siku ya kufupishwa wananchi walimletea dawa, akajificha kwenye pipa. Siku ya mwezini mama yake mwenyewe akawa wa kwanza kwenye foleni, na akawa analia, lakini kwa furaha. Huo ndio utaalamu wenyewe. Mkiandika kejeli ya kumcheka mtu ambaye hayupo, mtakuwa mnatukana tu.

Sasa vifaa. Mvua ni mchele kwenye ungo, ila uwe mchele wa Mbarali wenye chenga, mchele mzima unatoa mvua ya matajiri. Nyayo za mwanaume mwenye haraka ni kiatu cha tairi juu ya tofali. Moto ni karatasi ya pipi. Mlango wa ofisi ya serikali ni mlango wetu wenyewe wa choo, na naomba msije mkautia mafuta. Kilio cha mtoto sasa mtajitafutia, kile naondoka nacho.

Na kuna kipande cha reli. Kinaning'inia pale kwa waya, karibu na dirisha la chumba cha matangazo, na kinagongwa kwa boliti mara tatu kabla ya kusoma matangazo. Mnakijua, lakini labda hamjui kinavyosikilizwa huko nje. Watu wakisikia zile ngo tatu, mtu anapunguza jiko, anawanyamazisha watoto. Inawezekana ni msiba wa ndugu yake, inawezekana ni kikao cha maji. Kwa mchezo, kengele ya Mwenyekiti Katosha ilikuwa kijiko na sufuria. Nami kwa miaka sita ile sufuria ilinikera. Ilisikika kama mtu anaosha vyombo.

Basi ikaja Jumamosi moja ambayo suluhisho la Katosha lilikuwa kugawana watoto. Kila nyumba yenye zaidi ya watano inatoa wanaozidi, wanapewa wasio na mtoto. Kipindi tulikifanya moja kwa moja, kwa sababu umeme ulikuwa umekata tangu asubuhi na jenereta lilikuwa linaendesha mtambo na vipaza sauti tu. Kompyuta yenye muziki wetu wa kufungulia ilikuwa imezima. Mzee Mwakalinga amemaliza kusoma vifo, amekunywa maji, na ana karatasi za Katosha mkononi. Dada Atu ananionyesha kwa mkono: anza. Nikaona hii ndiyo siku yangu. Nikakamata boliti nikagonga reli mara tatu.

Ilitoka vizuri mno. Mzee Mwakalinga mwenyewe alisimama wima. Akasoma kwa sauti ya kikao: wananchi wote wasio na mtoto wafike ofisini Jumatatu asubuhi, kila mmoja na kanga mbili na sahani ndogo, watakabidhiwa. Halafu watoto wakapita mbele yake kwenye foleni, kumi na wawili, wote mimi. Nililia mpaka nikaona nyota. Wa mwisho nilimbuni pale pale: analia kidogo, anakata, anangoja, kama vile anasikiliza iwapo kuna mtu anakuja, halafu anaendelea. Mwisho Katosha akaambiwa nyumbani kwake wapo tisa, naye akaanza kueleza kwamba wanne kati yao ni wageni, wamekuja kusalimia. Tulicheka wenyewe studio mpaka Dada Atu akatoka nje.

Jumatatu nilikuwa mapokezi, nimemshikia mtu zamu. Akaja mama mmoja mrefu, amevaa vizuri, viatu vina vumbi jeupe la Usangu. Alikuwa na mfuko wa plastiki ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Nimekuja kwa lile tangazo."

"La nini, mama?"

"La watoto."

Nilidhani ni chanjo. Nikaanza kutafuta kwenye daftari. Yeye akafungua mfuko akaniwekea mezani, kimoja kimoja: kanga mpya mbili, zimefuliwa, zimekunjwa mraba. Na sahani ndogo ya bati yenye ua jekundu.

Hapo nikaelewa, nikafunga daftari. Na kama vile haitoshi, Mzee Mwakalinga akatokea kwenye ngazi na chapati yake kwenye gazeti. Akamsalimia, na yule mama aliposikia sauti akainama, akapiga goti.

"Ndiye huyu," akasema. "Ndiye mwenyekiti."

Mzee akadhani ni shabiki, tunawapata. Akajaza tumbo hewa. "Karibu Pomoni, mama, palipojaa pakajazika!" Halafu akaiona sahani. Sijawahi kuona hewa inamtoka mtu namna ile.

Tukamwita Dada Atu. Yule mama alijitambulisha: anaitwa Kabula, anatoka mbele ya Ubaruku, kwenye mji wa wakwe zake, watu wa ng'ombe waliohamia kutoka Usukumani zamani. Ana miaka kumi na minne kwenye ndoa. Jumamosi zote huwa yuko mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo mchezo wetu hakuwahi kuusikia. Jumamosi ile mashine haikuwa na umeme. Alirudi nyumbani mapema, akakuta redio inaongea uani, akasikia reli.

"Wameshachukuliwa wengi?" akauliza. "Nimechelewa gari. Mimi nilimchagua yule wa mwisho. Yule anayelia halafu ananyamaza kidogo. Kama yupo, naomba huyo."

Mzee Mwakalinga akageukia ukuta. Mimi nilikuwa namwangalia Dada Atu, nikitegemea atatoa neno, yeye ndiye mwenye maneno. Akanishika bega.

"Upe, umelia wewe. Sema wewe."

Nikamwongoza mama Kabula mpaka studio, nikamweka kwenye kiti, nikasimama mbele yake, nikalia kile kilio. Kidogo tu. Aligeuka haraka, akaangalia nyuma ya mlango. Akainama akaangalia chini ya meza. Nikakata, nikangoja, nikaendelea, na safari hii alikuwa anatazama mdomo wangu.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Ni mchezo. Watoto hawapo."

Akakaa. Akachukua kanga moja ambayo wala haikuwa imekunjuka, akaikunja upya.

"Unalia vizuri," akasema. "Mungu akupe wa kwako."

Nimewahi kutukanwa kazini, na wasikilizaji wawili waliwahi kuja kututishia fimbo. Hakuna kilichoniumiza kama ile baraka.

Tulimpa chai, hakunywa. Shida yake haikuwa kwetu tena, ilikuwa nyumbani. Alikuwa ameaga. Ameaga mama mkwe, ameaga wifi zake, watoto wa mji mzima wamemsindikiza mpaka barabarani. "Nitarudi na nini?" akauliza, wala hakuuliza kwa hasira. "Nikirudi na sahani tupu, nitaishi vipi pale?"

Mzee Mwakalinga akapendekeza tutangaze masahihisho hewani. Dada Atu akamkatalia. "Tumtangaze mara ya pili? Kwetu ukimkosea mtu huendi kusimama barabarani ukapiga kelele. Unakwenda mlangoni kwake. Aliyeandika, aliyesema na aliyelia, wote watatu." Mama Kabula akalala kwa Dada Atu, na kesho yake tukapanda gari la alfajiri.

Tulifika kama saa tano. Uani kulikuwa na watoto sijui wangapi, wengine juu ya mkokoteni, wengine chini yake. Walipomwona wakaja mbio, halafu wakamwangalia mikono, halafu wakatuangalia sisi. Mama mkwe wake alikuwa anapeta mpunga, bibi mwembamba, bangili za shaba mkononi. "Mwangaluka," tukasalimia kwa Kisukuma, kama tulivyofundishwa njiani. Mume, anaitwa Masanja, alikuwa amekaa kando anasuka kamba ya ng'ombe. Aliitikia bila kuinua kichwa.

Mzee Mwakalinga alikuwa ameandaa hotuba. Akapiga magoti kabisa, mzee wa watu, suruali ya kitambaa. "Mama, tumekuja kuomba radhi. Lile la Jumamosi halikuwa tangazo. Ulikuwa mchezo wa..."

"Radhi ya nini?" bibi akamkata. "Simama utachafuka. Huo mchezo wenu sisi tunausikiliza kila wiki. Siku ile mmefanya watu wadogo kama kuku, wewe baba, nilicheka nikamwaga maziwa ya jioni yote."

Mzee Mwakalinga akasimama, akakung'uta magoti.

"Kwa hiyo mlijua?" Dada Atu akauliza.

"Tulijua wote. Hata hawa wadogo walijua."

Mama Kabula alikuwa amesimama nyuma yetu na mfuko wake. "Mlijua," akasema, "mkaniacha niende?"

Bibi akaweka ungo chini. Alianza kumjibu kwa Kisukuma, halafu akarudi kwenye Kiswahili, nadhani alitaka na sisi tusikie.

"Ulifua zile kanga mara mbili. Ulikuwa unaimba. Miaka kumi na minne uko hapa, mimi sijawahi kukusikia unaimba. Wifi zako wakaja kwangu wakasema, mama mwambie. Nikawaambia anayeweza aende yeye akamwambie. Hakwenda mtu." Akageuka kwetu. "Ninyi mngemwambia?"

Mtoto mmoja mdogo alikuwa ameshaingia chini ya mkono wa mama Kabula, anachungulia mfuko.

"Watoto hapa si wapo?" nikasema mimi, kwa upumbavu wa kutaka kufariji. "Si ni kama wake?"

"Binti," mama Kabula akaniambia taratibu, "wote hawa wamekula kwangu. Huyu nimemfundisha kutembea. Ila jua likizama, kila mmoja anajua mlango wa mama yake. Mimi nilitaka mmoja ambaye mlango wake ni wangu."

Hapo Dada Atu akaongea, na nilimheshimu upya, kwa sababu hakutia chumvi hata punje. Alisema kuna njia ya kweli, nayo si ya Katosha. Ni ofisi ya ustawi wa jamii. Kuna watoto wasio na mtu kabisa. Inataka barua, watakuja kuangalia nyumba, watauliza maswali ya aibu, watasubirisha, inaweza kuchukua muda mrefu, na inaweza kushindikana. Na hawampokei mke peke yake. Mume lazima akubali, aende mwenyewe, aseme kwa mdomo wake.

Uani pote watu wakamgeukia Masanja. Aliimalizia kamba yake, akaifunga ncha, akasimama, akaelekea zizini.

"Haya," Mzee Mwakalinga akanong'ona, "tumeongeza kosa jingine."

"Mwacheni," bibi akasema. "Huyo ndugu zake walimwambia aoe mwingine. Walimkalisha siku mbili. Aliinuka hivyo hivyo."

"Akawajibu nini?" nikauliza.

"Alikwenda kunywesha ng'ombe."

Tukakaa. Bibi akarudia kupeta. Mama Kabula akatoa ile sahani mfukoni, sijui kwa nini, labda ili mkono ushike kitu, na akawa anaitazama kama mtu anayetafuta pa kuiweka. Nilikuwa nawaza kwamba tumekuja kuomba radhi tukaishia kumwonyesha mlango mwingine ambao ufunguo wake hana yeye. Nilitamani turudi studio, huko ambako mambo yakiharibika unaanza upya kutoka juu ya ukurasa.

Masanja akatokea upande wa pili wa nyumba. Amenawa miguu. Amevaa viatu vyeusi na koti la suti, jua lile la Usangu, koti limefungwa vifungo vyote. Akapita katikati yetu mpaka mbele ya mke wake, akaichukua sahani mkononi mwake, akairudisha kwenye mfuko, mfuko akaubeba yeye.

"Hiyo ofisi," akamuuliza Dada Atu, "inafungwa saa ngapi?"

Walikwenda siku hiyo hiyo, na wakaambiwa warudi, na wakarudi, mara nyingi kuliko wale waliongoja muhuri wa Pomoni. Dada Atu alitaka kuua mchezo, bibi akatuma ujumbe kwamba akithubutu atakuja Mbeya na fimbo. Kwa hiyo mchezo upo, na mmeachiwa ninyi. Ila reli ni ya misiba na vikao. Yeyote atakayeigusa kwa ajili ya mzaha nitamjia kutoka Kihesa na kiriba mkononi. Sufuria ikisikika kama vyombo, na isikike kama vyombo.

Yalipita masika mawili kabla hawajapewa mtoto, msichana wa miaka miwili na nusu. Wiki za mwanzo hakutoa hata sauti, na mama Kabula alikuwa akinipigia simu kwa hofu, ananiuliza mimi, mtaalamu wa vilio, kama kuna mtoto asiyelia. Halafu mama Kabula akaacha kupiga mwezi mzima, nami nikaogopa kumpigia. Siku alipopiga tena nilikuwa sokoni natafuta bati la zamani.

"Upe, nimechoka," akasema. "Huyu mtoto ana maneno! Tangu asubuhi anauliza. Mbuzi anakwenda wapi, kwa nini ana ndevu, bibi naye kwa nini hana. Sijakaa chini. Nimechoka, mwanangu, nimechoka kabisa." Alikuwa anaongea kama mtu aliyetoka kula karamuni.

"Pole, mama."

"Asante. Ngoja, naitwa."

Akaiweka simu mahali bila kukata. Nikasikia mlango, kuku, vyombo, na mtu mdogo anaeleza jambo refu sana kuhusu mbuzi. Nikakaa juu ya gunia la mtu pale sokoni, nikasikiliza. Sikukata.